Kikohozi cha Jenerali

Jumanne, Juba

Mdomo huu utaniponza. Vichekesho vyetu vilikuwa vinakwenda vizuri. Keji, binti wa dada yangu, anarekodi askari wa gemu kwenye kompyuta, mimi nawapa sauti, anaweka mtandaoni. Wale askari hawafungui mdomo, wanatikisa kichwa tu, kwa hiyo jenerali wao nilimpa kikohozi cha mkubwa mmoja wa Bilpam, makao makuu ya jeshi. Juba nzima inavirushiana kwa simu. Nani mwingine angeweza?

Keji alinikataza kusema ni kikohozi cha nani. Mimi nikajisifu kwa mama chai, tena nikadai mkubwa mwenyewe alinifundisha msituni wakati wa vita.

Leo pale pale kwa mama chai akakaa mgeni kando yangu, suruali ya raia, buti za jeshi. Akafungua kichekesho chetu kwenye simu yake. Hakucheka.

“Mjomba, ndiyo wewe?”

Nikainamia chai yangu.

“Mkubwa hakumbuki kukufundisha. Kesho gari litakuja, ukakohoe mbele yake.”

Keji amefuta vichekesho vyote mtandaoni, lakini vya kwenye simu za watu...

Vumbi limenikaa kifuani tangu jioni. Nimeziba mdomo kwa shuka, nisisikike barabarani.