Mlango wa Bibie wa Funguo

Mshauri wangu, shikamoo, na kama hujanizidi umri basi ipokee hivyohivyo, maana leo mimi ndiye mwenye shida. Nakuandikia nikiwa kwenye kibao nyuma ya tanuri, mikono ina unga, na naomba barua hii uijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo kwa sababu maji yamenifika shingoni na bomba nimelifungua mwenyewe.

Mimi ni mchoma mikate. Naingia kazini alfajiri, na saa tisa mchana nakuwa nimesharudi nyumbani. Tunaishi watatu: mimi, mume wangu ambaye ni fundi wa friji, na mama mkwe, ambaye alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na moja mpaka presha ya macho ilipomzimia taa. Haoni kabisa, lakini masikio yake, mshauri, masikio yake yanatisha. Anajua nani anapita koridoni kwa namna anavyoburuta kandambili, anajua friji inataka kuharibika kabla mwanawe mwenye ufundi hajajua, na mwenyewe husimulia kwamba alikuwa akiweka ile pembe ya kusikilizia juu ya tumbo la mjamzito, anafumba macho, na moyo wa mtoto unamwambia kila kitu.

Mimi na yeye hatukuanza vizuri. Mimi na mwanawe tulifunga ndoa kimyakimya, mashahidi wawili na picha moja, tukapanga kumwambia taratibu, kumbe muuza vocha alishatutangulia. Siku naingia nyumbani kwake alisema, "Umeingia kwangu kwa kunificha," na tangu hapo kwa miaka miwili alizungumza na mimi kupitia kwa mwanawe, hata tukiwa meza moja, "Mwambie mkeo chumvi imezidi," na mimi niko hapohapo na sahani yangu nasikia.

Kilichotupatanisha ni tamthilia. Pengine unaijua, ile ya nyumba ya wageni yenye ngazi za mbao, Jumatatu mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Wanazungumza lugha ya kwao ambayo hapa nyumbani hakuna anayeijua, na Kiswahili kinaandikwa chini ya skrini. Wifi yangu ndiye aliyekuwa akimsomea mama yale maandishi, kisha akahamishwa kikazi akaenda mbali, na kesho yake nikamkuta mama mkwe amekaa peke yake mbele ya televisheni anasikiliza watu wakilia kwa lugha asiyoielewa, amegeuza sikio kabisa kama anayetafuta kitu, nikaona haya, nikavuta kiti, nikaanza kusoma. Hakusema asante. Kesho yake akaniuliza mbona nimechelewa dakika mbili.

Majina ya watu wa kule hayashikiki, kwa hiyo mama aliwabatiza kwa sauti zao. Mwenye nyumba ya wageni ni Bibie wa Funguo, kwa sababu akitembea shada la funguo linalia kiunoni. Shemeji yake anayetaka kumnyang'anya nyumba ni Mwenye Kikohozi. Na kuna binti wa Bibie, aliyeondoka kwa hasira miaka ishirini iliyopita, ambaye tangu mwanzo tunamsubiri arudi. Siku Bibie aliposoma barua ya binti yake, mama mkwe alinishika mkono akasema, "Rudia hapo, mwanangu." Mwanangu! Niliurudia mstari ule mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa siuoni kwa machozi.

Sasa sikia walivyotufanyia. Miaka mitatu tumefuatilia, tunafika siku mvua inanyesha, mlango wa nyumba ya wageni unagongwa, Bibie anashuka zile ngazi polepole, funguo zinalia, anachagua mmoja, anauingiza kwenye kufuli, anauzungusha, na hapohapo majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Tukasema kesho. Kesho saa kumi wakatokea wanaume wawili wenye suti wanabishana habari za mpira. Keshokutwa hivyohivyo. Nikapiga simu kituoni, akapokea msichana mwenye sauti nzuri.

"Dada, hiyo imeisha."

"Imeishaje na mlango haujafunguliwa?"

"Waliotengeneza wameacha. Watazamaji walikuwa wachache."

"Sisi tulikuwa wawili na hatukukosa hata siku moja!"

"Pole, dada," akakata simu.

Nilirudi nyumbani nimekusudia kumwambia mama. Nikamkuta ameshakaa, kiti changu amekisogeza karibu na chake, amekiwekea na mto, na kabla sijavua viatu ananiuliza, "Nani anagonga?" Mdomo ukawa mzito, mshauri. King'amuzi chetu kinarekodi, na sehemu nyingi za mwaka wa kwanza bado zimo. Nikafungua moja, wale watu wakaanza kuongea, na mimi nikaanza kusoma maandishi ambayo hayapo.

Nilidhani ni siku moja. Huu ni mwezi wa tano. Kazini naumba mikate huku natunga ya jioni, meneja ananiuliza nacheka nini. Nimeshafanya makosa ya aibu. Mwenye Kikohozi nilimuua Jumatano moja, nikamzika vizuri na watu wakalia, halafu Ijumaa kwenye rekodi akakohoa. Mama akageuza shingo, "Si huyu tumemzika juzi?" Nikasema huyo ni pacha wake. Akasema, "Mm. Na kifua ni kilekile." Na mlango bado sijaufungua. Ufunguo ulikatikia ndani ya kufuli, nikamleta fundi wa kufuli, fundi akavunjika mguu, mvua ikajaa mpaka kizingitini, Bibie akazimia siku nne. Mama anasikiliza tu. Siku hizi hata anasema, "Punguza sauti ya hao, wananizuia kukusikia."

Sasa wifi anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, anakaa likizo nzima. Mama mwenyewe ndiye aliyempigia simu, "Njoo usikie, mchezo umekolea kuliko ulivyouacha." Wifi anaona na anajua kusoma. Nikimwambia mama ukweli sasa, atasema nimemficha tena, na lile neno la mwanangu sitalisikia mpaka nife. Nisipomwambia, Jumatatu saa kumi wifi atamwaga mtama wote sebuleni. Mume wangu anacheka mpaka anakaa chini, anasema ni mchezo tu wa televisheni. Nifanyeje? Nimuue Bibie wa Funguo kwa ajali? Niseme king'amuzi kimeungua? Nishike mkono, tafadhali.

Wako,
Msomaji wa Maandishi Yasiyokuwepo

MSHAURI ANAJIBU

Mchoma mikate, futa mikono kwanza, ukae. Marahaba, maana umri nimekuzidi, na hilo nalisema kwa furaha kwa sababu linanipa ruhusa ya kukugombeza.

Kabla ya wewe, nianze na hao wa televisheni, maana wamenikaa kooni muda mrefu. Tamthilia hiyo naijua. Niliifuatilia tangu siku ya kwanza, na siku ile ufunguo ulipozunguka nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na chai mkononi, na chai ikapoa. Watu wanaingia nyumbani kwako miaka mitatu, wanakuliza, wanakufanya uache sufuria iungue jikoni, halafu wanaondoka bila hata kuaga, na ukiuliza unaambiwa mlikuwa wachache. Wachache ndio tunaostahili kuachwa mlangoni? Wangeweka hata mtu mmoja na karatasi, atusomee dakika tano: binti alirudi, au hakurudi, lala salama. Tungewasamehe. Kwa hiyo usione haya kwamba uliumia kwa jambo la televisheni, na huyo mume wako anayecheka, mwambie mshauri amesema akishamaliza kucheka akapike.

Haya, tuje kwako. Umefanya kosa, na usinitolee macho. Siku ya kwanza nakusamehe, hata mimi mto ule ungenishinda. Siku ya pili nakuvumilia. Lakini miezi mitano? Tena kwa mama huyu, aliyekuambia waziwazi siku ya kwanza kwamba kinachomuuma ni kufichwa? Na usijidanganye kwamba unamlinda yeye. Ungekuwa unamlinda yeye, mlango ungekuwa umeshafunguliwa, tena na binti mwenyewe, wakalia, mkala keki. Umekata ufunguo, umevunja watu miguu, umejaza mvua, kwa sababu unaogopa kwamba siku mlango ukifunguka tamthilia itakwisha, na ikiisha mama atakirudisha kiti chako ukutani. Kituo kilimwacha mama yako amesimama kwenye ngazi siku moja. Wewe umemsimamisha hapohapo miezi mitano.

Unaona nilivyokasirika? Sasa nipoe kidogo, maana nimesoma barua yako mara tatu, na ndani yake kuna kitu wewe mwenyewe umekiandika kwa mkono wako wenye unga bila kukiona.

Umeniambia mama huyu anatambua watu kwa kandambili. Umeniambia alisikiliza mioyo ya watoto ambao hawajazaliwa kwa miaka thelathini na moja, na aliyekosea kusikia kazini kwake angezika. Halafu unataka niamini kwamba mtu huyo huyo anasikia mlango uleule ukilia mlio uleule, ngazi zilezile, na marehemu anakohoa siku mbili baada ya mazishi, na hashtuki? "Na kifua ni kilekile." Binti yangu, nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza. Siwezi kukuapia, mimi simjui mama yako na sijamsikia. Lakini mtu anayependa tamthilia haombi sauti ya tamthilia ipunguzwe. Anapunguza sauti ya wale ili amsikie nani? Na amempigia simu binti yake aje asikie mchezo uliokolea. Mwenye mchezo huo ni nani, kama si wewe?

Nadhani anajua. Nadhani anajua tangu wiki ya kwanza, na amenyamaza kwa sababu na yeye anaogopa unachoogopa wewe, kwamba akisema, utaona haya, utaacha kukaa. Mnafichana wote wawili, kila mmoja na hofu ileile, na kati yenu kuna televisheni inayolia kwa lugha ambayo hakuna anayeijua.

Lakini sikia vizuri: hata kama anajua, hilo halikuondolei kazi ya kusema. Usikae ukisubiri akurahisishie. Kujua jambo na kuambiwa jambo si sawa kwa mtu aliyepewa habari za ndoa ya mwanawe na muuza vocha. Safari hii aambiwe na wewe, kwa mdomo wako, na aambiwe kabla wifi hajafungua begi.

Kwa hiyo usimuue Bibie wa Funguo, ana haki ya kuishi kama wewe, na king'amuzi kiache, hakijakukosea. Kesho ukitoka kazini usipitie popote. Mume wako abaki kwenye friji zake, hili si lake. Saa kumi ikifika kaa kwenye kiti chako chenye mto na usiwashe kitu. Atakuuliza mbona kimya. Hapo ndipo useme, na useme kwa kifupi, usitie chumvi wala usimlilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Mwambie tamthilia ilikatwa tangu siku ile mlango ulipogongwa. Mwambie yote ya baada ya hapo ni yako, pamoja na pacha. Mwambie kwa nini, na neno la mwanangu ulitaje, hata kama litakukwama. Kisha umwombe radhi kwa kumficha mara ya pili, na uongeze na ile ya kwanza, ya ndoa, maana barua nzima nimeitafuta radhi hiyo na sikuiona.

Anaweza kukasirika. Ana haki. Anaweza kurudi kwenye "mwambie mkeo" siku mbili tatu. Vumilia, na kila siku saa kumi uwe kwenye kiti, hata kama cha kwake ni kitupu. Ila sidhani kama kitakuwa kitupu. Mtu hamwekei mwenzake mto kwa ajili ya maandishi ya kwenye skrini.

Na wifi akija, mpeni kiti cha tatu na mmweleze kila kitu siku ya kwanza, nanyi nyote wawili mkiwa mnacheka, ili asiwe na la kumwaga.

Bado mlango. Huo usiufungue wewe. Umeutunza vya kutosha, na wa televisheni wameshauacha, kwa hiyo sasa hauna mwenyewe. Ukishamaliza kusema yote, na akishamaliza kunyamaza, mwulize mama swali alilokuuliza yeye siku ile kabla hujavua viatu: nani anagonga? Halafu funga mdomo, geuza sikio, na umsikilize kama yeye alivyokusikiliza miezi mitano.

Ukishajua ni nani, niandikie mstari mmoja tu. Na mimi chai yangu imepoa.