Askari Yuleyule, Hatua Moja au Mbili

Lakini hata hivyo, Sisilia ni tamu! Nimemwambia hivyo Zuhura tangu jana, na leo niko palepale. Jumapili, manyunyu, Manzese yote imelowa, na mke wangu (nalipenda neno hili, mniache) ameketi mkekani mbele yangu, ubao wa chesi katikati. Hina ya harusi bado haijafutika vidoleni mwake. Akishika farasi, mie naangalia vidole.

Ndiyo maana nafungwa kila mara.

Tunajiandaa kucheza na baba mkwe. Kwake Gongo la Mboto yeye ndiye mwenye kete nyeupe siku zote, na nyeusi zilikuwa za Zuhura tangu utotoni. Sasa nimezirithi mie. Tulipokwenda kumsalimia baada ya harusi, nilitoa shikamoo, nikaketi, nikajitutumua na Sisilia, ufunguzi niliojifunza kwenye simu. Nilifungwa kahawa ikiwa bado ya moto.

"Mkwe, umekuja kucheza au umepitia tu?"

Tulicheka wote. Kisha mzee akaanza kurudisha kete kwenye boksi, moja moja, taratibu mno. Sikuelewa.

Kwa msiocheza: mweupe akimsogeza askari wa mbele ya mfalme, mweusi anaweza kujibu kwa askari wake wa tatu kutoka kulia. Akiruka hatua mbili, hiyo ni Sisilia, vita vinaanza papo hapo. Akienda hatua moja, hiyo ni Caro-Kann. Anatulia, anamlinda kwa nyuma askari wa malkia atakayefuata. Zuhura anaipenda hii. Njia ya tatu, ile ya Kifaransa, tuliijaribu tukaiacha, maana askofu wangu alibanwa nyuma ya askari wangu mwenyewe kama gari lililozibiwa geti. Kwenye Caro-Kann anatoka mapema, anapumua.

Kasoro ipo. Mweupe anachukua nafasi kubwa, na mie nabaki nimejikunja, nasubiri. Sina subira. Ningekuwa nayo, nisingemchumbia Zuhura haraka vile!

"Sisilia inanipa nafasi ya kumfunga baba yako," nikamwambia.

Akaiweka kete chini. Halafu akaniambia alichosikia asubuhi kwa simu kutoka kwa jirani wa baba. Tangu tumeoana, mzee anapanga ubao kila jioni. Anasogeza nyeupe, anainuka, anazunguka meza, anakaa kwenye kiti cha Zuhura, anasogeza nyeusi. Kisha anarudi kwake.

"Hataki umfunge," Zuhura akasema. "Anataka ukae."

Nilimwona tena akilini akirudisha zile kete moja moja. Mie nilidhani nimeoa na kila mtu amefurahi kama mie. Kumbe furaha yangu niliichukua kwenye kiti cha mtu, kikabaki kitupu.

Basi Caro-Kann. Siyo kwa sababu ni bora. Inadumu.

Jioni hii tumecheza tena, mie nyeusi. Nimefungwa, lakini taa za mtaani zilikuwa zimeshawaka, na Zuhura akanibusu kwenye paji la uso kana kwamba nimeshinda.

Baba, najua husomi haya. Nitakupigia kesho nikwambie mwenyewe: panga nyeupe zako. Kabla mwezi haujaisha tunakuja, na safari hii kahawa itapoa, itapashwa moto, na itapoa tena.