Rili Yako Ilikuwa Haizunguki, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ndivyo ulivyonilea, siwezi kukugombeza kabla sijakuamkia. Na leo nakugombeza. Mikono yangu bado inanuka mafuta ya taa.

Mzee Kibwana wa Mikumi, mwenzio wa jikoni kule nyumba ya wageni, aliomba rili yako ya kuvulia samaki, awe anakukumbuka nayo. Nikasema sawa, ila sitampa mzee wa watu kitu kichafu. Mimi fundi wa kutengeneza cherehani, Mabwerebwere nzima inanijua, chuma kikipita mkononi mwangu lazima kitoke safi.

Unazikumbuka Ijumaa zetu? Ukirudi msikitini unavua kanzu, unakaa kibarazani, unaisugua rili kwa ndimu na majivu mpaka inawaka. Mimi nakushikia kitambaa. Nikijaribu kuuzungusha mkono wake unanichapa vidole: "Wewe! Chombo cha mvuvi hakichezewi!" Jumamosi alfajiri huyoo, juu ya bodaboda, fimbo ya kuvulia begani, unakwenda Kidete mtoni. Jioni unarudi na kambale waliokaushwa kwa moshi, mkia umeingizwa mdomoni, eti umewakausha hukohuko mto Mkondoa wasiharibike njiani. Tulikula, baba. Tulikula na kukusifia.

Basi juzi nikafungua skrubu. Kifuniko kikagoma, nikakigonga kwa mpini wa bisibisi, kikaachia. Yarabi! Nje inang'aa kama kioo, ndani balaa tupu. Grisi imekauka ngumu kama sukari guru, imezibana giya zote. Beringi zimekufa. Shaba imeota kutu ya kijani. Nikaviloweka vyuma kwenye kopo la mafuta ya taa, nikasugua kwa mswaki mkuukuu, nikatia siki, nikasugua tena. Mashine inayofanya kazi kila wiki haigandi hivi. Cherehani zilizosahaulika stoo ndizo huletwa kwangu zikiwa na grisi ya namna hii. Rili yako ilikuwa haijazunguka miaka na miaka. Sasa wale kambale walitoka wapi?

Nikamfuata mama uani, giya iko kiganjani.

"Mama, Jumamosi baba alikuwa anakwenda wapi?"

Akaitazama ile giya, akaendelea kupepeta mchele. "Kwa dada yako," akasema.

Nikakaa chini hapohapo kwenye pumba.

Zuhura! Dada yangu wa tumbo moja, uliyemfukuza alipomfuata kijana wa wafugaji, wakati ng'ombe wao wametoka kulimaliza shamba letu la mahindi Kisanga. Ulisimama mlangoni ukasema, "Jina lake lisitajwe tena humu ndani." Halijatajwa. Watu wakiniuliza mko wangapi, najibu niko peke yangu. Siku ya msiba wako alikuja, akakaa mwisho wa mkeka, nikampita na birika la kunawa mikono kama nimepita ukuta. Nilidhani nakuheshimu wewe!

Mama anasema hukumwambia kitu, alijua mwenyewe tangu samaki wa kwanza. "Ndimu na pilipili manga ndani ya tumbo. Nani mwingine niliyemfundisha hivyo?" Mengine Zuhura alimsimulia siku ya msiba: wakwe zake wafugaji hawagusi samaki kabisa, baba. Alikuwa akiwanunua kwa wavuvi pale mtoni, anawakausha kwa ajili yetu sisi tusiomtaja jina.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Mama akaweka ungo chini. "Baba yako alikuwa anakuonea haya. Kutwa unamsifia kwa watu, baba yangu hana maneno mawili. Angeanzia wapi kukwambia kwamba anayo?"

Jamani baba! Mzee mzima unamwonea haya mtoto uliyemzaa? Nani alikwambia nataka baba asiyebadili neno? Nilikuwa nakusifia kwa sababu nilikuogopa, na kwa sababu kila nilipokumbuka kicheko cha Zuhura nilihitaji kuamini kwamba unajua unachofanya. Kumsamehe umsamehe peke yako, sisi tubaki na hasira yako! Ulikula kwake, ulibeba watoto wake, mimi hata majina yao siyajui. Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo ulipokuwa hai, na bado nimekukumbuka mno.

Rili nimeshaifunga. Nimetia beringi mpya na mafuta ya cherehani kidogo. Mkono wake sasa unazunguka wenyewe ukiusukuma kwa kidole, na hakuna wa kunichapa. Mzee Kibwana nimempigia simu kumweleza kwamba sitampa. Akacheka taratibu, akasema, "Mpelekee dada yako." Kumbe hata yeye alijua.

Kesho Jumamosi. Mama ametoa kanga mpya sandukuni, ananiambia nilale mapema bodaboda isitusubiri. Sijui nikifika mlangoni kwa dada nitaanza na neno gani. Nadhani nitamwamkia tu kama zamani, halafu nisubiri kama ataitikia.

Lala salama, baba. Watu wakiniuliza tena tuko wangapi, jibu langu nitaliweka hapa chini, ulisome wewe kwanza.

Mimi,
mdogo wake Zuhura