Shemeji Nyaga Hakuinuka

Jumatano jioni

Ametoa malkia tena hatua ya pili, ule mwanzo wa watu wanaotaka kummaliza mwenzao kwa hatua nne. Nikaziba. Sataranji ya dakika tatu kwenye simu, na shemeji Nyaga, kule Kiritiri, akabaki na mfalme na askari wawili. Hakukubali kushindwa wala hakucheza. Aliacha tu saa yake iende. Nikaenda kuepua chai. Niliporudi alikuwa amecheza, na sekunde zangu zilikuwa zimeisha.

Akaniandikia, "Saa pia inacheza, shemeji."

Kinyaa kitupu. Hapa Kinoru, kwenye drafti ya vifuniko vya soda, aliyezidiwa huinuka mwenyewe kukubali ameshindwa. Na mimi nilifuata nini jikoni?

Jumapili anakuja kula. Nitatoa ubao kwanza. Asipoinuka, chakula kitapoa.