Ngolo Kumi na Moja za Beno

Jumamosi, 8 Machi

Maguu tena, kijijini kwa kina Beno. Tumetoka Mbinga asubuhi, mimi nyuma ya Beno kwenye pikipiki, shavu langu mgongoni kwake. Wiki ya saba ya ndoa na bado naupenda ule mgongo kama siku ya kwanza. Barabara ina mashimo. Sikuyaona.

Leo Beno amefyeka na kulaza nyasi kwenye shamba la mama yake, na kundi letu la chuoni limerekodi. Naandika hapa nisisahau, maana maelezo ya filamu nimepewa mimi. Ngolo ni mashimo ya kulimia mlimani. Mwanaume anafyeka nyasi, anazilaza kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa miraba. Zikinyauka, mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kwa udongo huo anafukia zile nyasi. Zinakuwa kingo. Maharage yanapandwa kwenye kingo, maji ya mvua yanabaki shimoni. Kwetu Mbamba Bay tulilima mihogo kwenye mchanga. Sikuwahi kuona kitu kama hiki.

Tuko watatu. Zuhura, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini, ndiye wa kamera. Oswini ni kiongozi, anapenda sana kusema "kata!" Filamu ya dakika nane, ya mambo ya kweli, ionyeshwe chuoni Ijumaa ya tarehe 28. Mama mkwe amekubali kuwa ndiye mhusika mkuu. Nimefurahi mpaka nikamwaga chai.

Bado ananiita "bibi harusi". Kwa upole, lakini kama mtu anayemwita mgeni. Nataka siku moja aniite mkamwana. Hilo tu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Tulifika Mama yuko kwenye sala za jumuiya, na mwanga ulikuwa mzuri. Oswini hakutaka kusubiri. Akasema nianze mimi, Mama ataendelea akirudi. Wiki iliyopita Mama alinionyesha mara moja, kwa kijiti: chimba mpaka udongo ubadilike rangi, fukia nyasi zote, kanyaga. Nikachimba. Nikakanyaga. Saa nzima, ngolo tatu, zimepinda kama viazi.

Beno akaja akanipokea jembe. "Lete, mke wangu. Mikono hii nimeioa juzi tu, usiimalize."

Jamani! Mbele ya kamera! Moyo wangu uliyeyuka. Akachimba ngolo kumi na moja, moja baada ya nyingine, pembe zimenyooka kama kitanda alichotutengenezea. Fundi seremala ni fundi tu. Zuhura alisema hajawahi kupata picha nzuri hivyo. Mimi nikapanda maharage kwenye zangu, kisha nyuma yake, naimba.

Ndipo wanawake wa jumuiya wakapita njiani. Walisimama wote.

"Beno! Umeoa au umeolewa?"

"Vyote viwili, mama zangu, na vyote vitamu!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi pia nilicheka, mpaka nikamwona Mama katikati yao. Hakucheka. Aliangalia zile ngolo za Beno muda mrefu. Akapokea shikamoo za wenzangu, akawapikia ugali na maharage, akawakarimu vizuri sana. Wakati wa kuondoka akaniita pembeni.

"Hiyo filamu yenu, bibi harusi, mimi simo."

Sikuuliza kwa nini. Najua kwa nini. Nimemwaibisha mwanawe mbele ya kijiji kizima.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani nilisali vibaya. Beno anasema mama yake atatulia. Anasema hivyo huku ananimenyea chungwa. Hawezi kuona jambo lolote baya duniani, mume wangu. Nampenda, lakini leo haikusaidia.

Jumatatu, 17 Machi

Tumegombana chuoni. Oswini anataka tumalize na picha za Beno, tumwache Mama. Zuhura hataki.

"Bila mama mkwe wako," akaniambia, "tuna filamu ya mume anayempenda mke wake."

Nikasema si mbaya.

"Mwalimu hatoi alama za mapenzi, shoga."

Kweli. Na hata kama angetoa, siwezi kuonyesha picha zile bila ruhusa ya Mama. Mkamwana gani anafanya hivyo? Nimewaambia wanipe siku mbili.

Jumanne, 18 Machi

Mvua tangu saa nane mchana mpaka giza. Kubwa. Bati lilikuwa linapiga kelele hatukusikilizana. Beno ameniandikia kwenye kipande cha mbao kwa penseli yake ya kazi: "Usilie." Nimekiweka chini ya mto.

Jumatano, 19 Machi

Nilipanda bodaboda kwenda Maguu peke yangu. Nilichukua usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwetu, aliotuma mama yangu kutoka Mbamba Bay, kisado kizima, ndio niombee radhi. Njia nzima nilipanga maneno. Shikamoo Mama, nimekosa. Shikamoo Mama, sikujua.

Hakuwa nyumbani. Nilimkuta shambani, matope mpaka magotini.

Ngolo za Beno hazikuwepo.

Zote kumi na moja. Kingo zimebomoka, nyasi ziko nje kama nywele, maharage yameteremka mpaka kwenye kahawa ya jirani. Nilisimama na usipa wangu, nikasahau hata shikamoo.

"Umeona?" Mama akasema. "Alichimba juu juu. Udongo kiduchu, hakukanyaga. Mwanaume kazi yake kulaza nyasi, nani amemfundisha kufukia? Alitengeneza meza."

Nikamuuliza kama hakukasirika kwa sababu mwanawe alishika kazi ya wanawake. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Ashike! Mgongo wangu umechoka miaka mingapi? Mimi ningesimama kwenye filamu mbele ya ngolo zile? Maguu nzima wangesema mama Beno amezeeka, hajui tena kulima."

"Kwa nini hukutuambia siku ile, Mama?"

"Ningemwambia nani? Mbele ya wageni? Na wewe ulikuwa unamwangalia kama Malaika Gabrieli kashuka na jembe."

Nilicheka na kulia pamoja. Sijui nilianza na kipi.

Halafu akanishika mkono, akanipeleka pembeni mwa shamba. Ngolo zangu tatu. Zimepinda vilevile. Lakini kingo zimesimama, na maji yametulia ndani, na mbingu nzima imo ndani ya maji.

"Mbaya," akasema Mama. "Zimeshika, lakini."

Tulifukia upya nne pamoja kabla sijaondoka. Viganja vyangu vina malengelenge, kalamu inauma. Usipa ameupokea. Amesema nimlete yule binti wa kamera Jumamosi.

Jumamosi, 22 Machi

Mama ametawala kila kitu. Oswini alisema "kata" mara moja tu.

"Nikate nini?" Mama akauliza, jembe juu. Oswini akajificha nyuma ya Zuhura.

Kisha kwa unyonge akamwomba arudie shimo moja, kamera haikuona vizuri. "Kurudia? Ngolo hairudiwi, baba. Njooni kwenye ile nyingine, na safari hii fungueni macho." Zuhura alikuwa anacheka mpaka kamera inatikisika.

Beno alikaa kwenye jiwe na kueleza kosa lake mbele ya kamera, bila aibu. "Nilipima pembe. Sikupima mvua." Akaniangalia. Nilitaka kumbusu pale pale, lakini mama yake alikuwepo.

Tulichimba mimi na Mama, bega kwa bega. Yeye tano, mimi moja. Kila nikikanyaga vibaya ananigonga mguu kwa mpini, taratibu.

Ijumaa, 28 Machi

Tumeonyesha. Ngolo nzuri za Beno, darasa zima likapiga makofi. Kisha mvua, kisha ngolo zimebomoka, darasa likapiga kelele. Kisha Mama, na darasa zima likasogea mbele. Mwalimu ameomba tuirudie tangu mwanzo. Tumefaulu! Oswini alilia, anasema ni vumbi.

Beno alisimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi, ametoroka kazini. Nimemfuta kwa kanga yangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Maguu. Kumepoa, ukungu haujaondoka.

Maharage yameota. Mama amenyoosha kingo zote shambani isipokuwa za ngolo zangu tatu. Hakuzigusa. Zimepinda, na miche imesimama juu yake imepinda pamoja nazo.

Wanawake wawili walipita njiani wakienda kanisani kusafisha. Wakasalimia. Mmoja akauliza zile za pembeni, zilizokaa kama viazi, kachimba nani.

"Za mkamwana wangu," Mama akasema. Hakuinua hata kichwa, aliendelea kupalilia.

Nami nikaendelea. Upande wa juu Beno alikuwa analaza nyasi, anapiga mluzi.