Jiwe Lililokuwa Miguuni Pangu

Bonga, Babati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, au bado unalalia ubavu mmoja? Na mahindi ya bondeni, nyani wamewaachia kitu safari hii? Mimi mwili ni mzima, nashukuru Mungu. Mengine siwezi kusema kwamba ni mazima.

Nakuandikia kwa sababu simu ni ya Mama Neema, mke wa mjomba, na nikiongea nawe huwa anasimama mlangoni akichambua maharage. Ndiyo maana mara ya mwisho ulisikia nasema "tuko salama" tu. Barua hii anakuletea mwalimu wetu wa jumuiya anayekuja huko Mpanda kwa wazazi wake.

Mjomba atakupigia kukuomba uniite nyumbani. Atasema nimekosa adabu. Nakuomba usiniite kabla hujasoma mpaka mwisho.

Unaikumbuka kirikuu ya mjomba, lile gari dogo la kubebea magunia. Tangu nimalize kidato cha nne na kuja huku, kazi yangu ilikuwa kukaa mbele na lile jiwe miguuni. Tukisimama kwenye mlima nashuka haraka naliweka nyuma ya tairi, kwa sababu breki ya mkono haishiki. Breki ya mguu nayo mjomba huikanyaga mara mbili, mara tatu, ndipo gari linatii. Wateja wote wanajua. Wakituona wanasema, "Mjomba na jiwe lake wamefika," naye anacheka.

Siku ya mnada tulikuwa tunarudi na maharage. Pale barabara inapoteremka kuingia Bonga, kijana wa Sigino anayeuza maziwa kwa baiskeli alikuwa anavuka. Hakukimbia, hakuchelewa, alikuwa anavuka tu. Mjomba alikanyaga mara ya kwanza, mguu ukaenda mpaka chini. Hakupata nafasi ya mara ya pili.

Anaitwa Emanueli. Mguu umevunjika sehemu mbili. Maziwa yalitiririka kwenye lami, na watu walikata matawi wakayatandaza barabarani ili magari mengine yapunguze mwendo. Msamaria mmoja mwenye gari akamkimbiza hospitali.

Askari wa usalama barabarani walikuja wakapima kwa futi kamba, wakachukua ufunguo. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mpole. Akafungua mlango wa upande wangu, akaona jiwe.

"Binti, hili ni la nini?"

Mama, unanijua. Hata darasani nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono. Lakini aliuliza taratibu, na lilikuwa swali rahisi. Nikasema, "Ni la kuweka nyuma ya tairi, afande. Breki hazishiki vizuri."

Mjomba alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

Gari likapelekwa kituoni. Waliturudishia magunia ya watu, wakasema ajali ikijeruhi mtu vibaya gari linabaki mikononi mwa polisi mpaka mkaguzi wa magari alikague, na likionekana bovu kesi inakwenda mahakamani. Jiwe nalo wakalichukua.

Nyumbani sasa hivi hakuna anayeniita kwa jina. Mama Neema aliwaambia majirani mbele yangu, "Tangu afike hatujui sauti yake ikoje. Siku ya polisi ndiyo mdomo umefunguka." Wakacheka. Nikaendelea kuosha vyombo.

Mjomba aliniweka chini akaniambia, kwa upole kabisa, "Paskalina mwanangu, gari hilo ndilo linalokulisha. Tutarudi kituoni useme ulichanganyikiwa. Lile ni figa, nilikuwa nampelekea mtu wa kujenga jiko." Sikujibu. Alidhani kunyamaza kwangu ni kukubali, kama watu wote wanavyodhani.

Tulikwenda. Mjomba akaeleza habari ya figa vizuri, mpaka na jina la mwenye jiko. Yule mama askari alisikiliza, akauliza, "Mafiga ni matatu, mzee. Mengine mawili yako wapi?"

Mjomba akanigeukia mimi. Nilitazama kandambili zangu. Nikasema, "Ni la tairi, afande."

Aliniacha nirudi peke yangu kwa miguu, yeye akapanda bodaboda.

Tangu hapo anawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyechelewa kuweka jiwe. Mama, tulikuwa kwenye mwendo. Huwezi kuweka jiwe chini ya gari linalokwenda. Hata mtoto analijua hilo, lakini watu wanatikisa vichwa na kusema, "Watoto wa siku hizi."

Juzi nilikwenda hospitali kumwona Emanueli. Mjomba hajaenda hata siku moja. Nilibeba ndizi kidogo. Mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda, nikamwambia mimi ni nani.

Akasema, "Wewe ndiye wa jiwe."

Nikaitika ndiyo.

"Kama mlijua mpaka mkabeba jiwe, kwa nini mliendesha?"

Hakupaza sauti. Nikaweka ndizi nikatoka.

Swali hilo nimekuja nalo kwako, Mama, kwa sababu hata wewe ulijua. Krismasi ulipokuja huku ulikaa mbele, jiwe ukaliweka mapajani, ukasema kaka yako tangu utotoni ni mtu wa kubahatisha. Tulicheka gari zima. Mimi nilicheka kuliko wote.

Yule askari amesema nitaitwa mahakamani kama shahidi. Ndiyo maana mjomba anataka niwe Mpanda siku hiyo ikifika. Naogopa sana. Sijawahi kusema mbele ya watu wengi, na najua nyumba hii hainitaki tena. Lakini nikija sasa, atakayebaki kusema habari ya breki ni mjomba peke yake.

Akikupigia, usimuulize habari zangu. Muulize kama amekwenda kumwona yule kijana.

Nisalimie Baba, umwambie asinikasirikie kabla hajasikia upande wangu. Msalimie bibi anayekaa nasi, na kaka anayechunga, na mdogo wangu wa mwisho umwambie daftari zangu za hesabu ni zake, asizichore.

Mama, sikuombi unitetee kwa mjomba, ni kaka yako. Nakuomba tu usiniite.

Ni mimi mwanao,
Paskalina