Walii Asiye na Gari

Rafiki yangu Chande, sikuwa na gari, sikuwa na dereva, na simu ilikuwa imeisha chaji. Kanzu nilikuwa nayo, imepigwa pasi.

Leo mjukuu wangu Husna ameolewa hotelini Diani. Babake ni marehemu, mimi ndiye walii wa kumwozesha. Na bawabu amenizuia langoni!

Nilipanda tuktuk Kona ya Musa. Bawabu akaniuliza, "Mzee, gari lako namba ngapi?"

"Nimekuja na tuktuk," nikamwambia. "Mimi ni walii."

"Kila mzee leo ni walii. Orodha yangu ni ya namba za magari."

Namba za magari, Chande! Nimesoma shule ya usiku hadi kidato cha nne, na jina langu halimo!

Saa nzima juani. Bwana harusi mwenyewe, Luqman, ndiye aliyetoka kunitafuta. Ndani nikamkuta Husna analia.

"Babu, nilidhani umekataa kuniozesha."

Nimekataa! Mimi!

Nimemwozesha, alhamdulillahi. Kisha nikamwandikia meneja barua ya kurasa mbili, nikaifunga kwa gundi, nikampa bawabu yule yule.

"Mpelekee meneja. Nayo haina gari, lakini ipitishe."